Sahani ya Ukutani Ina Kwao

Yapata miezi mitatu tangu nilipoalikwa chakula cha mchana katika nyumba moja ya fahari hapa Mombasa, upande ule unaotazama bahari kuu. Mwenyeji wangu ni Mwislamu mwenzetu, mtu wa watu, mkarimu, na mali yake ameichuma kwa jasho lake. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani kwamba nimekusudia kumvunjia heshima mtu aliyenilisha pilau yake.

Sebule ya bwana huyo ni kama bandari. Ukutani zimetundikwa sahani za Kichina, nyeupe zenye michoro ya buluu. Chini limetandikwa zulia la Kiajemi. Pembeni pana kasha la njumu lenye misumari ya shaba, na juu yake pamewekwa msalaba wa Kihabeshi na kinyago cha Kimakonde, vimeelekezana kama watu waliokosana. Saa ya ukuta ya Kimarekani inasema saa nne na robo kutwa kucha. Meza ya kahawa ni ubao wa mlango wa nakshi, umelazwa chali na kufunikwa kioo, na kila ukiweka kikombe unaona maua ya mchongaji yakikutazama kutoka chini.

Tulipokwisha kunawa, mwenyeji alinishika mkono akanitembeza.

"Sheikh wangu, kasha hili lina miaka mia mbili."

"Mashallah. Lilikuwa la nani?"

"La nani vipi? Nimelinunua dukani."

Tukaenda mbele. Karibu na dirisha nikaona marufaa, ya kuwekea msahafu, ya mti mweusi, imechongwa kazi safi kabisa. Ilikuwa imebeba magazeti ya mpira. Nikanyamaza. Tukatoka nje kwenye veranda, na hapo, penye kidato cha kuteremkia bustanini, lilikuwako jiwe la matumbawe lenye maandishi ya Kiarabu, na juu yake jozi mbili za ndara.

"Hapa pameandikwa nini?" nikauliza.

"Aya, nadhani. Kijana aliyeniuzia aliniambia huleta baraka mlangoni."

Niliinama nikasoma. Lilikuwa jina la mwanamke, binti wa fulani, aliyefariki mwaka wa Hijria 1261, yaani 1845 kwa hesabu ya Kizungu. Ndara zilikuwa juu ya jina la babake.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza neno ambalo ningependa kulijadili na wasomaji leo. Ni desturi iliyoenea sasa miongoni mwetu wenye uwezo, ya kupamba nyumba kwa vitu vya kale vya kila taifa na kila zama. Je, ni jambo la kulaumiwa? Wako wanaosema ni uzungu mtupu, kwamba tumeiga watalii. Wako wanaosema ni israfu na kujionyesha. Mimi sikubaliani na hawa wala na wale, lakini pia sikubaliani na mwenyeji wangu.

Kwanza hilo la uzungu. Anayesema hivyo hajui nyumba za babu zake. Nenda Gedi, ule mji wa magofu karibu na Watamu. Alipoanza kuuchimba mwaka 1948, bwana James Kirkman alizikuta nyumba ambazo wenyewe waliondoka zamani, na hakuna aliyekumbuka majina yao. Zikaitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kichina, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Fikiri hayo kidogo. Venice iko Italia, na Uchina iko upande wa pili wa dunia, na huu ni mtaa mmoja wa mji wa Waislamu uliojificha msituni karne za nyuma, kabla Mreno hajatia mguu pwani hii. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika kwa mfalme wa Uchina wakiwa na twiga. Basi sahani za Kichina hazikuletwa na watalii.

Tena tazama nyumba kongwe za Lamu, zile za mawe zilizojengwa karne ya 18. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali, na chumba hakiwezi kuzidi upana wa boriti yake. Ukipita daka, ukipita kiwanda, ukapita misana, unaingia ndani, na ukuta wa huko ndani umejaa zidaka safu juu ya safu, za lipu nyeupe iliyokatwa kwa kisu ikiwa bado mbichi. Zidaka zile zilikuwa za nini? Zilikuwa za vyombo. Sahani ya Kichina, chupa ya marashi ya Kiajemi, bakuli, kitabu kilichofungwa kwa ngozi. Bibi harusi alipowekwa ndani kutazamwa na wanawake wa mji, nyuma yake ndiyo iliyokuwa pazia yake.

Na mambo hayakukoma hapo. Karne ya 19 ilipofika, waliingia Wamarekani wa Salem, waliotiliana mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, na kitambaa chao mpaka leo tunakiita merikani. Walileta na saa za ukuta. Waholanzi wa Maastricht wakaleta mabakuli ya maua yaliyopigwa chapa, mekundu na ya kijani, na ukiligeuza bakuli utaona jina la kiwanda chini yake, Petrus Regout. Kutoka Bara Hindi yakaja makasha, vitanda vya samadari na vioo. Babu zetu walivipokea vyote. Hawakuuliza kama bakuli la Mholanzi lafaa kukaa jirani na sahani ya Mchina. Wakaviweka zidakani, na nyumba ikawa ni nyumba ya Kiswahili, hapana aliyesema ni ya Kiholanzi.

Kwa hiyo kuchanganya si dhambi, wala si uigaji. Kuchanganya ndiyo asili yetu.

Hilo la israfu lina uzito zaidi, wala silipuuzi. Sote twajua kwamba Mwenyezi Mungu hawapendi wenye kuvuka mipaka, na kwamba vyombo vya dhahabu na fedha tumekatazwa kulia na kunywea. Sanamu ndani ya nyumba, hukumu yake inajulikana, na mwenye shaka amuulize shehe wake badala ya kuniuliza mimi. Na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi, alizitazama zidaka za majumba ya Pate zimekuwa viota vya ndege, akatuonya roho zetu zisidanganyike. Ni kweli yote hayo. Lakini nataka msomaji atambue kwamba wazee wale wale waliosoma Al-Inkishafi usiku, asubuhi waliamka wakazipangusa vumbi sahani zao. Hawakuona kinyume. Watu wa Mambrui waliweka mabakuli ya Kichina katika nguzo ya kaburi, na kule Kunduchi, pwani ya Tanzania, yalifanywa vivyo hivyo. Ikiwa kaburi lenyewe laweza kupambwa kwa kauri ya mbali, basi kauri haikuwa kwao ishara ya kusahau mauti.

Siri iko wapi, basi? Mimi naona iko katika njia ambayo kitu kilipitia hadi kikafika ukutani.

Marehemu bibi yangu mzaa baba alikuwa na sahani sita katika chumba chake. Ukimuuliza, angekuhesabia. Hizi mbili zilikuja na mahari ya mamake. Hii aliletewa na nduguye aliyekuwa nahodha, katika safari ya msimu wa kaskazi, na ufa huu ulipatikana siku jahazi lilipopanda mwamba. Ile kubwa ilikuwa ya jirani aliyekufa bila mtoto, akamwachia bibi kwa kuwa ndiye aliyemuuguza. Zilizobaki alizinunua mwenyewe kwa pesa za kushona kofia, na hizo ndizo alizojivunia kupita zote. Alikuwa hajui Uchina ni upande gani. Lakini hapakuwa na sahani hata moja ambayo hakujua imetoka mkononi mwa nani. Na zilikuwa hazikai bure. Siku ya harusi ziliteremshwa, zikapakuliwa, zikaoshwa kwa majivu na kurudishwa, na sisi watoto tulitimuliwa tusikaribie.

Sasa nitasema jambo la aibu yetu wenyewe.

Katika miaka ya 1970, Lamu ilipoanza kujaa wageni wenye nywele ndefu na mifuko ya mgongoni, ikajaa pia wanunuzi. Walipita nyumba kwa nyumba. Wengine walikuwa wageni, lakini wengi waliobisha hodi walikuwa vijana wetu, kwa sababu mgeni angejuaje chumba cha ndani cha mtu kina nini? Bibi alikuwa amekwisha kufa. Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na deni, na bati la nyumba lilikuwa limeoza. Akaziteremsha sahani nne kati ya sita, akaziuza siku moja kabla ya adhuhuri. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Nilipewa shilingi tano, nami nikafurahi.

Jioni shangazi yangu alikuja. Alisimama mlangoni pa ndani, akatazama zile alama nne za duara juu ya chokaa, mahali ambapo ukuta ulikuwa mweupe zaidi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kaka, na fungu langu je?" Ami akajibu kwamba sahani si shamba, hazigawanywi. Shangazi akaondoka, na hakukanyaga nyumba ile mpaka siku ya maziko.

Mimi sikuwa na elimu siku zile ya kumjibu ami. Leo ninayo kidogo. Mirathi ni kila alichoacha maiti, kikubwa kwa kidogo, baada ya deni lake na wasia wake. Sahani ni mirathi. Kasha ni mirathi. Mlango ni mirathi. Mwanamke ana fungu lake katika sahani kama alivyo nalo katika minazi, na kaka anayeuza chombo cha nyumba bila ridhaa ya warithi wenzake ameuza kisichokuwa chake chote. Haya si maneno yangu, ni mambo ambayo kadhi yeyote atakuambia. Ajabu ni kwamba twapelekana mahakamani kwa ajili ya hatua mbili za kiwanja, lakini vyombo vya ndani, ambavyo aghalabu ni vya kina mama na vimekaa upande wa kina mama, twaviuza kama chupa tupu.

Kwa hiyo, unaponunua sahani dukani, yamkini unanunua na ugomvi wa watu. Muuzaji hakukuambia, nawe hukuuliza.

Na hiyo ni sahani ya nyumba. Viko vitu vingine ambavyo hakuna mrithi awezaye kuviuza hata wakikubaliana wote, kwa sababu si vyao. Mlango wa msikiti ni wakfu. Marufaa ya msikiti ni wakfu, na misahafu ya mkono iliyoandikwa Siyu na Pate, mingi iliwekwa wakfu na waliomiliki, na wengine waliandika hivyo katika kurasa zake. Jiwe la kaburi ni la maiti. Pitia makaburi ya nguzo ya pwani hii utazame. Kila palipo na tundu la duara katika chokaa, palikuwa na bakuli. Mengine yalianguka kwa umri, na mengine yaling'olewa kwa patasi. Mtu aliyeling'oa alijua anafanya nini. Aliyelinunua na kulitundika juu ya televisheni yake hajui, na hataki kujua, maana akijua itambidi aliteremshe.

Serikali nayo haikulala, ingawa wengi wetu hatujui sheria inasemaje. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, iliyochukua nafasi ya ile ya 1983, inasema kwamba kitu cha kale ni chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichofanywa Kenya au kilicholetwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Tafadhali lisome tena neno hilo, kilicholetwa. Sahani ya Mchina iliyoshuka gatini Lamu zama za Fumo Liongo au za Seyyid Barghash, mbele ya sheria ni kitu cha kale cha Kenya, wala haitoki nchini bila kibali. Na mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 imetajwa waziwazi kuwa kitu cha kulindwa. Kwa mara moja wanasheria wamesema jambo ambalo bibi yangu angelikubali. Kitu kilichokaa nasi miaka ya kutosha kimekuwa chetu, hata kama aliyekifinyanga hakupata kutusikia.

Wako rafiki zangu wanaosema dawa ni moja, kila kitu kipelekwe makumbusho. Nawaheshimu, na nashukuru kwamba siwa ya pembe ya Pate imehifadhiwa Lamu na haiko katika jumba la tajiri wa ng'ambo. Nenda pia ukaitazame ile Nyumba ya Waswahili pale Lamu, upeleke na wanao, wajue kidaka ni nini. Lakini sahani zote zikienda makumbusho, nyumba zetu zitapambwa kwa nini? Kwa maua ya plastiki? Nimeingia nyumba nyingi za watu wa kawaida ambamo ukuta mzima umechukuliwa na kabati la vioo, na ndani ya kabati mna glasi zisizonywewa na mwanasesere angali katika karatasi yake ya nailoni. Zidaka zimezibwa kwa saruji ili kabati lipate kuegemea. Simlaumu mama aliyefanya hivyo, amepamba kwa alichonacho. Ila namwambia, kabla hujampa mchuuzi lile bakuli la nyanyako alipie nusu ya kabati, jua ya kwamba yeye mwenyewe mchuuzi hatanunua kabati lako hata ukimpa bure. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na wewe bwana mwenye uwezo, unayetaka nyumba yako ipendeze kwa vya kale vya Waajemi, Wahindi, Wachina na Waswahili, mimi nakuunga mkono, lakini uliza. Nani alikuwa nacho? Aliuza yeye mwenyewe, au aliuziwa? Warithi wenzake wajua? Kimetoka nyumbani, au msikitini? Muuzaji mwaminifu atakuwa na la kukujibu, na akianza kuangalia dari, rudisha pesa zako mfukoni. Mlango usiufanye meza. Mlango una mfaa wake na kizingiti chake, na ikiwa wajenga nyumba mpya, utundike ufunguke na kufungwa. Na ikiwa shabaha yako ni nakshi tu, wala hujali miaka, basi Lamu bado wako mafundi wanaochonga. Mwagizie fundi mlango mpya, mti utoke msumenoni na jina la mwenyewe likae juu yake. Pesa hizo zitakwenda kwa mtu aliye hai mwenye watoto wa kusomesha, na baada ya miaka mia huo nao utakuwa wa kale.

Naandika haya nikijua kwamba sijapona. Kila niingiapo nyumba yenye sahani za buluu ukutani, macho yangu huzitafuta zile nne. Namtafuta mwamba wa yule nahodha katika ufa wa kila sahani. Wenyeji hudhani nasifu mapambo yao.

Mwenyeji wangu wa siku ile hakunikasirikia. Nilimsomea jina lililoko jiweni, neno kwa neno, naye akaziondoa zile ndara kwa mkono wake. Marufaa ameipandisha juu, ina msahafu sasa. Wiki mbili baadaye alinipigia simu, tukachukua gari tukaenda kaskazini kupita Malindi, kwenye kijiji ambacho yule kijana alikiri kuwa ndiko alikolitoa. Tulikaa na wazee chini ya mkwaju mpaka alasiri. Wakalisoma jina, wakalirudia midomoni, wakaulizana ukoo kwa ukoo. Makaburi ya upande wa pwani yamekwisha kuliwa na mawimbi, walisema, na mengine yamejengewa hoteli. Hakuna aliyemjua bibi yule wala aliyejua alilala wapi.

Jiwe limerudi Mombasa. Limefungwa kwa shuka nyeupe, liko chumbani kwa bwana yule, na kila Ijumaa hunipigia simu kuniuliza kama nimepata habari yoyote.